Sabuni yangu ya mawese inababua mikono. Niweke ndimu ngapi?

Mama Sabuni wa Gungu:

Wakuu habari za humu ndani. Naomba wenye kemia yao wanisaidie. Mimi yangu niliiacha kidato cha pili, na wala haikunililia.

Niko Gungu, Kigoma mjini. Mwezi huu nimeanza kutengeneza sabuni ya vipande kwa mawese. Mafuta kwangu si tatizo, nachukua kwa mama mmoja wa Simbo anayekamua mwenyewe, mekundu hayajaguswa na kitu. Fomula nilipewa na shoga yangu aliyekwenda semina ya ujasiriamali. Aliniandikia kwenye WhatsApp hivi: kostiki (ile kemikali kali ya kutengenezea sabuni) gramu 176 kwa kila kilo ya mafuta, maji mara mbili ya kostiki na kidogo juu. Nilikuwa na lita 5, nikapiga 176 mara 5, nikapata gramu 880. Mwenye duka akanipimia kwa mzani wa namba. Sikukadiria kwa kikombe kama wengine wanavyofanya. Maji ya ziwa lita 2.

Kostiki niliikorogea kwenye ndoo ya plastiki, ikachemka yenyewe bila moto, nikaiacha ipoe. Mafuta nikayapasha kwenye sufuria kubwa ya mama mkwe. Nikamimina, nikakoroga kwa mwiko mpaka ikawa nzito kama uji wa mtoto, nikamwaga kwenye boksi. Kesho yake nikakata vipande 24.

Kwa macho ni sabuni ya kujivunia. Ina rangi ya chungwa lililoiva, ngumu, povu lipo. Nikauza vipande 3 kwa majirani. Vyote 3 vimerudi.

Wa kwanza anasema viganja vinawaka na ngozi inachubuka kwenye vidole. Wa pili khanga yake imepauka. Wa tatu ni mama anayeanika dagaa Kibirizi, na mnajua mikono ya mtu wa dagaa ilivyo na vidonda vidogo vidogo. Huyo aliitupa sabuni kwenye beseni akaniuliza mbele za watu: "Hii ni sabuni au maji ya betri ya gari?" Halafu juu ya vipande pameota unga mweupe, na jirani mwingine ameshaeneza habari kwamba najazia chumvi ya Uvinza ili sabuni iwe nzito.

Ushauri niliopata mpaka sasa ni huu. Mmoja anasema niiyeyushe upya nikamulie ndimu, kwa sababu ndimu ni asidi na itaua makali. Mwingine anasema kosa ni maji ya ziwa, yana magadi. Mdogo wangu yuko sekondari, kanikorogea manjano kwa maji akapaka kwenye kipande, pakawa pekundu kama udongo wa Kasulu, akasema, "Dada, hii ni besi kali, usiuze."

Jambo la mwisho naliandika kwa aibu. Sufuria ya mama mkwe, ya alumini, wakati nakoroga ilikuwa inatoa vipovu pembeni na imekuwa nyeusi ndani. Nimeinyanyua juani, chini kuna vitobo kama vya sindano. Yeye hajui bado.

Swali langu: niweke ndimu ngapi? Lita 5 za mafuta siwezi kumwaga.

---

Dogo wa Mwanga:

Dada pole. Mimi niko kidato cha nne, topiki hii tumemaliza juzi. pH ni kipimo cha asidi na besi: maji safi ni 7, chini ya hapo ni asidi, juu ya hapo ni besi. Ndimu ina pH 2 na kostiki ina pH 14. Ukichanganya sawa kwa sawa, 2 kujumlisha 14 ni 16, gawa kwa mbili unapata 8. Inakuwa karibu na maji kabisa. Kwa hiyo yeyusha sabuni, weka maji ya ndimu kiasi kile kile cha kostiki uliyoweka, yaani kama mililita 880. Kuhusu manjano, mdogo wako yuko sahihi.

---

Mnyamwezi wa Sikonge:

Mnahangaika na ndimu wakati asali ipo. Asali nayo ni asidi, pH yake inacheza kwenye 4, na sabuni ya asali inauzika kuliko hiyo ya mawese matupu. Njoo Tabora dada, nitakupa bei ya undugu.

---

Mwalimu Mstaafu:

Dada yangu wa Gungu, pole na hongera. Pole ni ya majirani, hongera ni ya mzani. Nimefundisha kemia Kasulu, nikamalizia Tabora, na kina mama walioniletea sabuni zilizoharibika walikuwa wengi, ila hakuna aliyewahi kuja na gramu zake mkononi. "Niliweka vikombe viwili hivi, mwalimu." Vikombe viwili vya nini, vya nani? Wewe umekuja na 880. Tatizo lenye namba linatibika.

Ndimu usiweke. Na huyu wa Sikonge asali yake aendelee kunywea chai.

Dogo wa Mwanga, wewe umekosea kwa namna ninayoipenda, kwa sababu angalau umejaribu kupiga hesabu. Lakini pH hazijumlishwi na kugawanywa kama maksi za mtihani. pH ni kuhesabu kwa makumi: ukipanda namba moja, ioni za haidrojeni, zile zinazoifanya asidi iwe asidi, zimepungua mara 10. Kutoka 9 hadi 12 ni mara 1,000. Kipimo hiki alikibuni Sørensen mwaka 1909, huko Copenhagen, kwenye maabara ya kampuni ya bia ya Carlsberg, na kazi yake kubwa ni kutuokoa na kuandika sifuri nyingi. Wanafunzi wangu walikuwa wakisikia neno bia ndipo wanaamka.

Sasa shika hili, ndilo lenye sabuni ya dada yako ndani yake: pH inakuambia ukali, haikuambii kiasi. Kikombe cha chai kinachofuka moshi ni cha moto kuliko Ziwa Tanganyika. Haya, nenda Kibirizi ukakimwage ziwani, uone kama dagaa wataiva.

Ndiyo maana hata aliyesingizia maji ya ziwa amepotea, japo ameanzia kwenye ukweli. Ziwa letu ni besi kweli, pH yake iko karibu na 9. Lakini pH 9 maana yake ni haidroksidi (ile sehemu ya kostiki inayoifanya iwe besi) kiasi ambacho ungekipata kwa kuyeyusha gramu 0.0004 za kostiki kwenye lita 1 ya maji safi. Sonara mwenyewe hana mzani wa kuipima hiyo. Wewe kwenye lita 2 umeweka gramu 880. Ziwa halihusiki.

Na ndimu nayo ina siri yake. Asidi yake, ya sitriki, ni asidi dhaifu. Dhaifu haina maana kwamba ni kidogo. Ni kama mwenye duka mjanja, mezani ameweka mifuko michache, stoo imejaa. Ioni za haidrojeni unazoziona kwenye pH 2 ni zile za mezani tu. Ukianza kuzinunua kwa kostiki, anatoa nyingine stoo, na nyingine, hadi stoo iishe, na stoo ya ndimu ni kama mara 80 ya kilichopo mezani. Kwa hiyo huwezi kujua ndimu ngapi zinahitajika kwa kutazama pH. Lazima ujue kuna kostiki gramu ngapi ya ziada, na ndimu ina sitriki gramu ngapi. Gramu kwa gramu.

Tena kuna ubaya mwingine. Sabuni yenyewe ni mtoto wa asidi na besi: asidi za mafuta zimeshikana na sodiamu ya kostiki. Asidi ya ndimu ina nguvu kuliko zile za mafuta. Pale itakapodondoka nyingi inawanyang'anya sodiamu, asidi za mafuta zinarudi peke yake, na wewe unaona utandu mgando unaelea kama supu ya makongoro iliyolala. Hapo sabuni imekatika. Utakuwa na kipande ambacho huku kinababua na huku kinanata.

Manjano. Mdogo wako amefanya jaribio vizuri na amesoma jibu vibaya. Manjano yanageuka mekundu kwenye besi yoyote kuanzia pH 8 hivi. Sabuni ya kipande iliyo nzima kabisa huwa na pH 9 hadi 10. Apake manjano kwenye sabuni yoyote ya kufulia ya dukani, atapata wekundu ule ule. Yanajibu swali la "ni besi au siyo", na hilo jibu tulikuwa nalo. (Vitabu vyetu vilikuwa vinasema tutumie kabeji nyekundu. Miaka yote niliyokaa Kasulu kabeji nyekundu sikuiona. Tulichemsha choya. Kwenye asidi inabaki nyekundu, kwenye besi inakwenda kijani, na maji yakibaki unatia sukari unakunywa, ya asidi na besi ukiwa umeshamwaga.)

Kinachotakiwa ni karatasi za pH, zile zenye rangi nyingi za kulinganisha. Kwangua gramu 1 ya sabuni, yeyusha kwenye mililita 100 za maji ya mvua, chovya. Ukiona 9 au 10, sabuni ni sabuni. Ukiona 12, kuna kostiki huru imebaki humo ndani na haina kazi ya kufanya, kwa hiyo inatafuta kazi kwenye mikono ya watu. Ule utelezi unaousikia vidoleni ukigusa kostiki ni mafuta ya ngozi yako mwenyewe yanageuzwa sabuni. Mama wa dagaa amekosea betri tu. Ya betri ni asidi ya salfa, yako ni ya ng'ambo ya pili ya barabara. Kuunguza wote wanaunguza.

Unga mweupe ni magadi. Kostiki iliyobaki juu imekutana na kaboni dioksidi ya hewani ikageuka sodiamu kaboneti. Uvinza waachwe na chumvi yao.

Sufuria. Dada, hapa sitanii. Kostiki inakula alumini, na vile vipovu ulivyoviona ni gesi ya haidrojeni, ambayo inashika moto, nawe ulikuwa na jiko chini yake. Tumia chuma cha pua, au sufuria ya enameli isiyobanduka, au ndoo ngumu ya plastiki kama hakuna moto. Kostiki ndiyo inayoingia kwenye maji, kidogo kidogo, na maji hayamwagwi juu ya kostiki hata siku moja. Vaa glavu na miwani. Ikikurukia, maji mengi ya bomba, dakika nyingi, bila haraka. Ndimu usipake. Asidi na besi zikikutana zinatoa joto, na hilo joto litakuwa limetokea juu ya jeraha.

Sasa nijibu swali moja kabla sijakupa dawa. Huyo aliyefundisha semina ile, alikuwa anatumia mafuta gani?

---

Mama Sabuni wa Gungu:

Mwalimu shikamoo. Nimesoma mara mbili, ya pili nimemsomea mdogo wangu kwa sauti, amenuna kuhusu manjano.

Nimempigia shoga yangu. Anasema semina walitumia mafuta ya mise. Nikamwambia mbona hukuniandikia, akasema, "Si yote yanatoka kwenye chikichi?"

---

Mwalimu Mstaafu:

Marahaba mwanangu. Nilijua.

Yanatoka kwenye tunda moja, ni kweli. Mawese yanatoka kwenye nyama ya nje, mise ni kokwa ya ndani. Lakini ni mafuta mawili tofauti kabisa. 176 ni namba ya mise. Ya mawese ni 141 hivi.

Kwa nini? Mafuta ni minyororo ya asidi iliyofungwa mitatu mitatu kwenye gliserini, na kila mnyororo mmoja unadai kostiki yake moja. Minyororo ya mise mingi ni mifupi, ya mawese ni mirefu. Chukua kilo ya dagaa na kilo ya migebuka, hesabu vichwa. Uzito ni ule ule, ila dagaa wana vichwa vingi zaidi. Kostiki inagawiwa kwa vichwa, haigawiwi kwa kilo. Wewe umepika migebuka kwa hesabu ya dagaa.

Na kuna kosa la pili umelificha bila kujua. Fomula ilisema kilo, wewe ukapima lita. Mawese ni mepesi kuliko maji, lita 5 ni kama kilo 4.5. Kwa hiyo kostiki iliyotakiwa ni 4.5 mara 141, yaani gramu 635 hivi. Uliweka 880. Zimezidi gramu 245.

Dogo wa Mwanga, chukua kalamu. Gramu 120 za kostiki zinazimwa na gramu 192 za asidi ya sitriki. Kwa hiyo gramu 245 zinataka gramu 392. Lita ya maji ya ndimu ina sitriki gramu 50 hivi. Ni kama lita 8 za maji ya ndimu, na kama ndimu moja inatoa mililita 30, ni ndimu zaidi ya 250, kwa sabuni ya mafuta lita 5. Zile mililita 880 zako zingezima kama gramu 27.

Hiyo kostiki iliyozidi usiizime, ipe kazi. Gramu 245 zinaweza kula kilo 1.74 za mawese, ambayo ni lita 2 kasoro kidogo. Wewe weka lita 2 na nusu, ili kidogo kibaki bila kuliwa. Mafuta yakizidi kidogo mikono inashukuru, kostiki ikizidi kidogo umeona mwenyewe. Kwangua vipande vyote, weka kwenye sufuria isiyo ya alumini, maji kidogo ya kulainisha, moto wa chini kabisa. Mafuta yaingie taratibu huku unakoroga. Itakuwa na mabonge, usiogope, endelea saa moja, mbili, mpaka iwe kama viazi vya kupondwa na usione mafuta yanayojitenga. Pima kwa karatasi ikishapoa. Ikiwa bado 12, kuna sehemu haijachanganyika, rudisha jikoni. Haitakuwa laini na ya kung'aa kama ya kwanza, na wateja wa Kibirizi wasikusumbue kwa hilo. Iache ikauke wiki 3 au 4 kabla ya kuuza.

Mfuko wa kostiki ufunge vizuri. Ukikaa wazi inanyonya unyevu na ile hewa ya kaboni, inageuka magadi polepole, na mzani utakuwa unakupimia magadi ukidhani ni kostiki.

---

Mnyamwezi wa Sikonge:

Mwalimu umenitoa kwenye biashara hivi hivi mchana kweupe. Ila hapo kwa vichwa vya dagaa nimekuelewa, na mimi kemia nilipata sifuri.

---

Mama Sabuni wa Gungu:

Nimerudi, wakuu. Wiki ya nne leo.

Karatasi za pH mdogo wangu aliomba kwa mwalimu wake, akapewa vipande sita tukavigawa kwa mkasi kwa urefu ili viwe kumi na viwili. Kabla ya kupika upya ilisoma 12, rangi ya zambarau iliyokolea, sikuhitaji hata kulinganisha. Nikaazima sufuria ya enameli kwa jirani yule yule wa chumvi ya Uvinza. Nilimwambia ni ya kuchemshia nguo, Mungu anisamehe. Nikakwangua mpaka bega likauma. Lita 2 na nusu. Saa la kwanza ilikuwa mabonge matupu na mafuta yanazunguka pembeni, nikaanza kulia moyoni. Kuelekea saa la pili ikakubali, ikawa kama ulivyosema, viazi vya kuponda. Ilipopoa: 10. Sehemu moja ya pembeni ilisoma 11, hiyo nimeitenga nafulia matambara.

Mwalimu, ina sura mbaya. Ina mabaka kama mwenye tetekuwanga. Lakini nimefulia wiki nzima bila glavu na viganja viko salama. Mama wa Kibirizi nilimpelekea kipande cha bure. Hakukigusa. Alimpa kwanza mwanawe anawe mikono, akasubiri, akamkagua vidole kimoja kimoja, ndipo akanawa yeye. Leo asubuhi kaagiza vipande 5.

Shoga yangu nimemwandikia ile fomula upya, mawese 141, mise 176, kwa kilo na siyo lita. Amejibu kwa emoji ya kidole gumba.

Sufuria nimemnunulia mama mkwe mpya, ukubwa ule ule, nikampelekea pamoja na vipande viwili vya sabuni. Sabuni kaipokea na kunusa. Sufuria kaigeuza chini juu, akaitazama tako muda mrefu, halafu akaniuliza ile yake iko wapi.